Ukuta wa katikati ni wa nani?

Wiki hii nimeshinda na jengo la fleti ninalolichora kwa Archicad, programu ya kompyuta ya kusanifu majengo. Ghorofa ni nyingi ila aina za fleti ni chache, na kila aina nimeihifadhi kwenye faili lake la moduli, lile lenye kiambishi .mod. Katika faili la jengo zima sichori fleti tena, naziunganisha tu. Nikisogeza sinki la jiko kwenye moduli na kuamuru jengo lisasishwe, sinki linahama katika kila fleti ya aina hiyo, toka chini mpaka juu.

Kazi hii hainichoshi kuitazama. Na ni wazo la zamani: Ivan Sutherland alilionyesha pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963 kwa programu yake ya Sketchpad. Unachora umbo moja la asili, unatawanya nakala zake, kisha ukibadili la asili nakala zote zinafuata.

Jioni hii akili yangu iko kwenye ukuta. Fleti mbili zilizopakana zina ukuta mmoja kati yao. Ukiuweka ndani ya moduli, kila fleti inakuja na wake, kuta mbili zinalaliana mahali pamoja, na mkadiriaji majenzi anapokea tofali zilizohesabiwa mara mbili. Ukiutoa, moduli inabaki wazi ubavuni, na anayeichora haoni chumba kinaishia wapi.

Nimeamua hivi: kinachowagusa majirani wawili ni cha jengo. Kuta za mpakani, nguzo, slabu na shafti za mabomba zinakaa kwenye faili la jengo. Moduli inabaki na vile ambavyo mwenye fleti angeweza kuvivunja bila kumgusa jirani: kuta za ndani, milango, makabati, vyombo vya bafuni. Mpaka nauonyesha kwa mstari mwembamba kwenye leya yake, yaani tabaka la mchoro linaloweza kuwashwa na kuzimwa, na kwenye jengo naizima. Madirisha ya nje pia nimeyatoa, kwa sababu upande wa magharibi unapigwa na jua la alasiri na dirisha lake haliwezi kufanana na la upande wa baharini.

Majina na namba za vyumba vimenilazimu kufikiri tena. Kilichomo ndani ya moduli hakihaririki kimoja kimoja kwenye jengo, kwa hiyo namba iliyoandikwa humo ingejirudia ghorofa zote. Nimezihamishia kwenye jengo. Kila moduli ninayoiweka naipa utambulisho wake, ili orodha ya milango iseme mlango huu ni wa fleti ipi.

Halafu kuna kishawishi cha kukata kiungo. Mwenye mradi anataka fleti moja ya juu iondolewe ukuta kati ya jiko na sebule. Programu inaruhusu: unakata, vitu vinakuwa vya kawaida, unavihariri upendavyo. Mimi nalipinga hilo kwa nguvu zangu zote. Siku mpango wa bafu utakapobadilika, fleti ile itabaki na bafu la zamani na hakuna kitakachokuonya. Afadhali kuihifadhi kama aina mpya yenye jina lake. Bafu lenyewe nimelifanya moduli ndani ya moduli, hivyo aina mpya nayo inapata mabadiliko yote. Zaidi ya ngazi hizo mbili sishuki. Ukiweka moduli ndani ya moduli ndani ya moduli, mwenzako atakayepokea faili hatajua pa kuanzia.

Ngazi za kupandia sijazigusa. Kwa kanuni yangu ni za jengo, maana wote wanazipanda. Ila kuanzia ghorofa ya kwanza zinajirudia bila tofauti. Ni pale chini tu, kwenye maduka yenye dari la juu, zinapohitaji vidato zaidi. Naelekea kuzipa moduli.