Wiki ya saba: nilikisingizia kimeng'enya

Leo alfajiri nimetumbukiza elektrodi namba 23 ya kihisi changu cha glukosi kwenye bafa (mmumunyo unaotuliza pH), nikaongeza glukosi hadi milimola 5, mkondo ukapanda ukatulia kwenye maikroampea 1.9. Siku ilipozaliwa ilisoma 2.1. Ina siku tisa! Nimerudia kipimo mara tatu ndipo nikaamini, maana kwa wiki sita hakuna elektrodi yangu iliyofika siku ya tatu ikiwa na nguvu.

Muundo ni uleule: grafiti ya penseli 2B, juu yake bluu ya Prussia (rangi inayopokeza peroksaidi elektroni), juu yake kimeng'enya glukosi oksidesi ndani ya utando wa kitosani uliofungwa kwa glutaraldehidi, kemikali ya kuunganisha. Kimeng'enya kinatoa peroksaidi, bluu inaipokea na kuzaa mkondo karibu na volti sifuri, mahali ambapo vitamini C haichafui kipimo. Ndiyo maana niliachana na platinamu.

Tatizo lilikuwa moja tu, nalo halikunipa usingizi. Kila elektrodi ililala nzima ikaamka na nusu ya mkondo, kesho yake robo. Nikaamini kimeng'enya kinavuja. Nikapandisha glutaraldehidi kutoka asilimia 0.25 hadi 1, kisha 2.5, hapo kikabanwa hadi mkondo wa siku ya kwanza wenyewe ukawa hafifu. Nikaongeza kitosani, utando ukapasuka ulipokauka. Nikanunua kimeng'enya kipya kwa fedha niliyoitenga kwa mambo mengine. Hali ikawa ileile.

Wiki ya tano nikaacha kukisia. Nilichukua maji niliyooshea elektrodi, nikatia glukosi, nikachovya karatasi ya kupimia peroksaidi. Nusu saa nzima ikabaki nyeupe, kwa hiyo hakuna kilichovuja. Kisha nikaweka elektrodi yenyewe, ile "iliyokufa", kwenye glukosi na karatasi pembeni. Ikageuka buluu! Kimeng'enya kilikuwa kinafanya kazi muda wote. Peroksaidi ilitoka, ila chini yake hapakuwa na wa kuipokea.

Nikatengeneza elektrodi yenye bluu peke yake nikaizungusha mizunguko 50 kwenye bafa yangu, yaani kupandisha na kushusha volti huku nikichora mkondo. Kufikia mzunguko wa kumi vilele vya mkondo vilikuwa vimeshaanza kufifia. Bafa hiyo ilikuwa fosfeti ya sodiamu, pH 7.4, kwa sababu nilikuwa nawaza seli ya mafuta ya kibiolojia, inayozalisha umeme kutoka sukari, inayofanya kazi kwenye damu. Makosa mawili ndani ya chupa moja. Kila bluu inapopokea elektroni lazima iingize ioni chanya ndani ya vyumba vyake, na njia za kuingilia ni nyembamba, nusukipenyo kama angstromu 1.6. Potasiamu pamoja na maji yake inapita. Sodiamu, iliyovaa maji mengi zaidi, inasukumana mlangoni na kuharibu kimiani, yaani mpangilio wa atomi zake. Tena, pH ikivuka 7 hidroksidi inaimumunyua bluu, na upokeaji wa peroksaidi wenyewe unazalisha hidroksidi palepale juu ya elektrodi. Kipimo cha pH cha chupa hakioni hilo.

Sasa natumia fosfeti ya potasiamu, pH 6.0, na kloridi ya potasiamu mola 0.1. Kimeng'enya hakikupoteza kitu, kinapenda asidi kidogo. Bluu naioka nyuzi 100 kwa saa moja kabla ya kukiweka.

Kwa wanaojenga potenshiostati (kifaa cha kushikilia volti na kupima mkondo): chipu ya LMP91000 inatosha kwa kupima mkondo kwenye volti moja, lakini msiitumie kwa mizunguko. Ngazi zake za volti ni pana mno, vilele vinatoka kama matofali. Nilihamia op-amp (vikuza ishara) za kawaida na MCP4725, chipu ya kutoa volti kwa ngazi ndogo, na hapo ndipo nilipoweza kuona vilele vinavyofifia. Waya wa fedha niliouloweka kwenye Jik bado ni elektrodi rejea (ya kulinganishia volti) nzuri kuliko ile niliyonunua.

Wiki hii ilikuwa ya katodi ya seli ile ya mafuta, yenye lakesi (kimeng'enya kinachopokeza oksijeni elektroni). Nimeiahirisha. Kwanza, lakesi inazuiwa na kloridi, na kloridi ndiyo imejaa kwenye bafa mpya. Pili, jirani yangu ni mgema, na tangu juzi sifikirii kingine ila tembo la mnazi: kuufuata mwenendo wa sukari saa kwa saa tangu kibuyu kinaposhushwa. Sukari ya utomvu ule kwa sehemu kubwa ni sukrosi, ambayo elektrodi yangu haiigusi, hivyo nahitaji invatesi, kimeng'enya cha kuikata iwe glukosi na fruktosi. Hamira inayo. Jana niliifungia kwenye kitosani juu ya namba 24, mkondo ukapanda polepole mno. Nadhani najua kwa nini: invatesi inaachia glukosi ya umbo la alfa, na kimeng'enya changu kinataka beta. Lazima ijigeuze kwanza, na ikiachwa itulie hufika takriban alfa 36 kwa beta 64.

Kwa hiyo kesho nitaweka hamira kwenye kichupa chake peke yake, nisubiri, ndipo nipime. Mgema anapanda saa kumi na moja jioni. Barafu ya kuzuia uchachu iko tayari, na vichupa kumi na viwili nimeshaviandika saa.