Matangazo ya chama na mstari mmoja wa PHP

Bado nafikiria mstari mmoja tu wa PHP, ile lugha ya kuandikia tovuti. Kuna chama hapa Kayole wameniomba ukurasa wa matangazo, yaani katibu anaandika zake kwa matangazo.txt, anaipandisha kwa seva, na ukurasa unaionyesha, mambo ya HTML hayamhusu. Kijana tunayefanya naye kazi akaniambia weka tu include, ile amri ya PHP ya kuingiza faili ingine kwa ukurasa, imeisha hiyo.

Na kweli inafanya. Lakini include haisomi faili tu, inaiendesha. Ikikuta <?php ndani, yaani alama ya kuanza amri za PHP, inatii, hata kama faili inaitwa .txt, hilo jina halizuii kitu. Sasa fikiria mtu amepata pasiwadi ya katibu, hajapata matangazo peke yake, anaweza kuipa seva amri, na kwa seva hiyo hiyo kuna rekodi za michango ya wamama wa watu. Hapo ndipo roho inaniuma, juu wengi wetu tulijifunza include na kichwa cha ukurasa na menyu, ambapo iko sawa kabisa maana hizo faili umeziandika mwenyewe, halafu tunaibeba hivyo hivyo mpaka kwa maandishi ya mtu mwingine.

Amri ingine, readfile, angalau inamwaga kilichoandikwa bila kukiendesha kwa seva, lakini inamwaga na HTML yote, so mtu akiweka <script>, yaani programu ndogo ndani ya ukurasa, itaendeshwa kwa simu ya kila mwanachama anayefungua. Mimi natumia file_get_contents kuisoma faili, kisha htmlspecialchars ili alama za HTML zionekane kama maandishi tu, kisha nl2br ili mistari isishikane, na kwa mpangilio huo, ukitanguliza nl2br wasomaji wataona <br /> 
 katikati ya sentensi. Njia ya faili naianza na __DIR__, yaani folda ya hiyo faili ya PHP yenyewe, ndio isitafutwe kwa folda ingine.

Kijana akataka tena ?faili=machi kwa anwani, mtu ajichagulie mwezi. Wazo ni zuri, lakini jina hilo likiingia moja kwa moja kwa njia ya faili mtu ataandika ../../../../etc/passwd, yaani apande folda za juu mpaka kwa faili ya watumiaji wa seva, na seva itamletea. Ati allow_url_include, ruhusa ya include kuvuta faili za mtandaoni, imezimwa tangu PHP 5.2, sawa, lakini hiyo inazuia faili za kutoka nje, hizi ziko ndani tayari. Tumeweka orodha ya miezi, jina lisilokuwepo linapata 404, yaani ukurasa haupatikani, na folda ya matangazo tumeitoa nje ya public_html, ile folda inayofunguka mtandaoni, katibu anaingia hapo tu.

Kesho namwonyesha katibu kuhifadhi kwa UTF-8, yaani mfumo wa kuhifadhi herufi.