Usiku tulioangalia No Reservations

Mwaka 2009 nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja Zanzibar, pwani ya kaskazini, mi ndo mdogo kuliko wote, kazi yangu kumenya vitunguu na kuparua samaki. Masika ilikuwa imekolea, wageni wachache, tukafunga mapema, na kijana wa baa akaja na laptop yake na DVD ya No Reservations, ile filamu ya 2007 ya Catherine Zeta-Jones na Aaron Eckhart. Tukajazana kwenye meza ya kukatia mboga, wapishi, maweita, hadi mlinzi.

Humo Kate, ndo Zeta-Jones, ni chefu mkuu wa restoranti moja Greenwich Village, New York, anapika balaa ila kuishi na watu hawezi. Dada yake anafariki kwa ajali ya gari, anabaki na mtoto wa marehemu, Zoe, na huku nyuma mwenye restoranti anamleta Nick, chefu msaidizi anayeimba opera jikoni. Kuna mteja anarudisha steki eti imeiva sana, Kate anatoka na kipande cha nyama mbichi anakichomeka mezani kwake. Sie wa jikoni tuliruka! Maweita wakanuna, sasa huyo akiondoka tip inatoka wapi, ubishi ukawaka mpaka tukasimamisha filamu. Mi nilikuwa upande wa Kate na bado nipo, chakula umekipika sawasawa halafu kinarudi, inauma we acha tu.

Ila kilichonibakia ni Zoe. Mtoto hali. Kate anampikia vyakula vya kitajiri, mtoto anaangalia tu sahani. Nick hambembelezi, anakaa karibu na spageti zake anakula kwa raha, halafu anamshikisha bakuli kama ana kazi kidogo mahali, anaondoka, na mtoto anaanza kula.

Chefu wetu, mama wa Kitanga, mkali hatari, hakuwahi kukaa na sie hata siku moja, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akasema, "Hebu rudisheni hapo." Tukarudisha. Akaangalia tena, ndo akatuambia, "Alipofariki mama nilikuwa mdogo, nikagoma kula. Bibi akaniambia kaa hapa ulinde wali paka asije, akaenda zake kisimani. Aliporudi nimekula mpaka ukoko." Akavuta ndoo akakaa, akaangalia mpaka mwisho.

Halafu Kate ana sosi yake ya zafarani yenye siri, kumbe ni majani ya kaffir lime, ule mndimu ambao jani lake limebanwa katikati utadhani mawili yameungana. Zafarani sie tunaijua kwenye biriani, lakini na jani la ndimu? Watu wakabisha. Chefu kimya.

Kesho yake akanituma kwa mzee mmoja wa shamba la viungo nikaleta majani. Akapasha tui, akatia zafarani, jani akalipasua kwa mkono akalitumbukiza, na lilipoanza kunukia tu akalitoa, maana likikaa sana linaleta uchungu. Kijiko cha kwanza akanipa mimi. "Haya mwanangu, sema." Nikamwambia Chefu, chumvi kidogo. Akaongeza chumvi, akamwagia juu ya nguru wa kukaanga, na wiki hiyohiyo ikaingia kwenye menyu.