Ukiomba siagi dukani unapewa nini?

Nenda duka lolote la mtaani hapa Dar useme naomba siagi ya kupima, muuzaji wala hafikirii mara mbili, anachota kwenye ndoo ya njano anakufungia kwenye kimfuko na wewe unaenda zako kupaka mkate. Sasa kilichomo humo ni majarini, siagi haimo hata kidogo. Wengi tunaita blubendi hata kama kampuni iliyotengeneza ni nyingine kabisa, kama vile kila dawa ya meno ni kolgeti. Mi sina ugomvi na majarini jamani, nimekulia hiyo hiyo na chai ya rangi, ila linapokuja suala la kuoka au kupika ni vitu viwili tofauti na bei zake zinakwambia.

Siagi ni mafuta ya maziwa, basi. Kwenye maziwa mafuta yanaelea kama vitone vidogo sana ndani ya maji, ukiyasukasuka muda mrefu vile vitone vinagongana, utando wake unapasuka, vinaanza kushikana mpaka mambo yanageuka, sasa maji ndo yanakuwa vitone ndani ya mafuta. Siagi ya kiwandani inatakiwa iwe na mafuta asilimia 80 kwenda juu, nyingi ya iliyobaki ni maji. Na kilo moja inakula lita 20 hivi za maziwa, wakati mwingine zaidi, sasa hapo unategemea bei iweje? Wafugaji wanafanya kazi hiyo hiyo kwa kibuyu, Wanyarwanda wanakiita igisabo, unakisukasuka huku na huku mpaka usikie mlio umebadilika, maziwa yanaacha kuchapa yanaanza kudunda kwa uzito, ujue imeshika. Yanayobaki baada ya kutoa siagi ndo mtindi wenyewe wa zamani, siku hizi maziwa mgando yoyote tunaita mtindi.

Majarini ina historia yake. Napoleon III wa Ufaransa alitaka kitu cha bei rahisi badala ya siagi, kwa ajili ya wanajeshi na watu wa hali ya chini, na mwaka 1869 mkemia Hippolyte Mège-Mouriès akaja nayo. Ya kwanza ilitokana na shahamu ya ng'ombe, ya leo ni mafuta ya mimea, mawese kwa sana. Jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki la lulu, sababu ya ule mng'ao. Kwa hiyo ukiona kopo limeandikwa kwa maringo "ladha ya siagi" ujue unapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, geuza nyuma usome viambato, siagi ya kweli utakuta ni krimu na pengine chumvi, habari imeisha.

Na hili neno butter la Waingereza nalo lina safari ndefu. Wagiriki walisema boutyron, bous ng'ombe, tyros jibini, yaani jibini la ng'ombe, kachekesho kidogo maana wenyewe walikuwa watu wa mafuta ya zeituni, siagi kwao ilikuwa zaidi kitu cha kujipaka na dawa. Warumi wakalichukua, ndo Mfaransa akapata beurre na Mtaliano burro (usiende nalo Hispania, kule burro ni punda). Wareno wao wana manteiga, na hiyo ndo iliyoingia Kongo mpaka leo kwenye Kilingala ni manteka.

Ila kinachonifurahisha mimi ni hiki. Kuna kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini, Periplus ya Bahari ya Eritrea (jina la kale la Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi), kimeandikwa kwa Kigiriki karne ya 1, na humo boutyron imetajwa kati ya bidhaa zinazotoka India kuja kwenye masoko ya Pembe ya Afrika, pamoja na ngano, mchele, mafuta ya ufuta na nguo. Sasa fikiria siagi kwenye jahazi, jua lile, wiki kadhaa baharini, si ingefika imechacha? Ndo maana wataalamu wengi wanasema hiyo ilikuwa samli.

Na samli ndo siagi yetu sisi watu wa joto. Neno limetoka kwenye samn ya Waarabu. Unaweka siagi isiyo na chumvi kwenye sufuria moto mdogo, inatoa povu, inatatarika maji yakitoka, ile mitatariko ikipungua na chini ukaona chembe za kahawia na harufu kama ya karanga, epua haraka uchuje. Maji yametoka, protini zimetoka, inakaa miezi kabatini bila friji na haiungui ovyo kwenye kikaango. Chapati, biriani, halua, uji wa pilipili manga wa mzazi, vyote hivyo weka majarini uone kama ladha itakuwa ile.

Ankole, kule Uganda, nako wana eshabwe, samli inapigwa kwa maji na chumvi ya magadi mpaka inakuwa nyeupe pee kama krimu, wanalia matoke. Mwenye kujua pa kuipata hapa Dar anishtue kwenye komenti, nauli yangu na mkate nakuja navyo.