Bunduki ya upepo, mizani ya sonara na kichuguu cha njia ya Kipushi

Bunduki yangu ni ya upepo tu, milimita 5.5, ile ya kukunja mtutu ili springi ikaze, na hurusha plombi, vidonge vidogo vya risasi. Baba mdogo aliniachia alipohamia Kolwezi, na maneno yake ya kuniagia yalikuwa: "Hii inapiga inapotaka yenyewe." Nikamwamini misimu miwili. Njiwa walikuwa wanafukua mbegu za mahindi kwenye shamba la mama, njia ya kwenda Kipushi, nami nilikuwa nawapigia kelele zaidi ya kuwapiga.

Shemeji yangu anaishi Pretoria. Yeye hupiga shabaha kwa bunduki ya baruti, na risasi anajaza mwenyewe: anaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, anatia kapsuli mpya ya kuwashia baruti, anapima baruti kwenye mizani, kisha anakandamiza kichwa cha risasi. Akigusa kipimo cha baruti hata kidogo, lazima aende tena uwanjani apige karatasi. Nilipomlalamikia kwa WhatsApp, alinirudishia sauti ndefu. "Bwana shemeji, baruti huna, lakini plombi unazo. Pima hizo. Na ubadilishe kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili siku moja, hutajua ni kipi kilichokusaidia."

Basi nikaazima mizani kwa sonara mmoja wa Kenya (commune yetu mjini Lubumbashi, si ile nchi), inayosoma hadi gramu 0.01. Nikakaa mezani jioni nzima na kopo la plombi. Nilipima mia moja. Nyingi zilikuwa kati ya gramu 0.93 na 0.95, chache 0.91, moja 0.97. Nikazigawa katika vichupa vitatu vya dawa, nikaviandika kwa kalamu, nikajiona mtaalamu. Kabla ya kulala nikapata wazo la kuweka plombi ileile moja kwenye mizani mara kumi. Ikasoma 0.93, 0.94, 0.94, 0.93... Dirisha lilikuwa wazi, na kaupepo kalikuwa kanaingia. Kumbe nusu ya kazi yangu ya jioni ile nilikuwa napanga makosa ya mizani.

Asubuhi tukaenda shamba na mdogo wangu. Kule kuna kichuguu kikubwa, vile vya Katanga ambavyo mgeni huviita kilima, kirefu kuliko nyumba. Upande mmoja watu wamekichimba udongo wa tofali, kwa hiyo pamesimama kama ukuta. Plombi ikikosa karatasi inazama udongoni, haina pa kwenda. Mama alikwisha waambia majirani na wafyatua tofali, ili mtu asishtuke wala kupita mbele yetu. Nikapima mita 25 kwa kamba, nikabandika karatasi kwenye kartoni.

Tatu za kwanza, kutoka kichupa cha 0.94, zilikaa ndani ya eneo la kucha ya kidole gumba. Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani mkubwa wake, akapiga kelele: "Yaya, iko tundu moya tu!" Nikampigia picha shemeji palepale. Jibu lake lilikuwa maneno mawili: "Ongeza mbili." Nikaongeza. Ya nne ikaenda juu, ya tano ikaenda kushoto, na lile tundu la fahari likawa kundi la milimita 52. Kundi, yaani mtawanyiko wa matundu, hupimwa kutoka ukingo wa nje wa tundu la mbali hadi ukingo wa nje wa lingine, kisha unatoa 5.5, upana wa plombi. Kuanzia hapo sikuamini tena tatu. Nilipiga tano tano, na kila kichupa makundi manne.

Vichupa vyote vitatu vilitoa makundi yaleyale, 45 hadi 60. Uzito haukunisaidia chochote. Kilichobadilisha kidogo ni macho: kopo lilikuwa limesafiri vibaya, na baadhi ya plombi mkia wao mwembamba, ule ulio wazi kama kikombe, ulikuwa umebonyea upande mmoja. Nilipozitoa hizo, zile zinazoruka mbali na nyingine zikapungua.

Nikafanya na ujinga mmoja. Nilitia mafuta ya cherehani mtutuni. Risasi ya kwanza ikalia kama ya kweli na moshi ukatoka, wafyatua tofali wakageuka wote. Hewa ikibanwa ghafla inakuwa moto na kuwasha mafuta. Hapo nikawa na baruti sawa na shemeji, bila kuipima.

Siku ya tatu ndipo nilipoangalia mikono yangu. Nilikuwa nimeegemeza ubao wa bunduki moja kwa moja juu ya tofali na kuukaza kwa nguvu zote, nikidhani kukaza ndiyo kutulia. Lakini bunduki ya springi haifanani na ya baruti. Pistoni inapokimbia mbele, bunduki yenyewe inaruka nyuma, halafu inapigwa tena mbele, na plombi bado imo mtutuni. Kwa hiyo kila ukiikaza tofauti, inaruka tofauti. Nikakata mguu wa jinzi ya zamani, nikaujaza mchanga, nikaweka juu yake kiganja kilicho wazi, na bunduki ikalala kiganjani bila vidole kuishika, mahali palepale kila mara. Nikapatia alama kwa chaki. Nikaona pia skrubu mbili za ubao zimelegea, nikazikaza, ila hiyo niliifanya siku nyingine ili nisivunje sheria ya shemeji.

Kiganja peke yake kilileta makundi hadi milimita 30. Skrubu zikaongeza: kundi bora 19, baya 26. Plombi zilikuwa zilezile, za vichupa vyote, zimechanganywa.

Baba mdogo aliporudi kututembelea, alipiga kumi kwa kukaza kama zamani, akanirudishia bunduki. "Si nilikuambia?" akasema. Nikamsogezea mguu wa jinzi, lakini bukari (ugali) ilikuwa tayari mezani na hakutaka kungoja. Vile vichupa, mdogo wangu ametilia pilipili.