Nilivyojifunza kuandika kwa kufumua makala za wengine

Kila nilipouliza nifanyeje ili niandike vizuri, jibu lilikuwa lilelile: soma sana. Nilisoma kweli, ila maandishi yangu yakabaki palepale. Kilichonisogeza ni zoezi la Benjamin Franklin, yule mwandishi na mwanasiasa Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1706. Akiwa kijana alichukua makala za The Spectator, gazeti la London, akaandika kidokezo kifupi cha kila sentensi, akaziweka kando kwa siku chache, kisha akajaribu kuziandika upya kwa maneno yake. Mwisho alilinganisha.

Nikatafuta makala fupi niliyoipenda, nikaifanyia hivyohivyo. Kuandika upya si kazi kubwa. Kazi iko kwenye kulinganisha, na hapo ndipo jasho lilinitoka. Mwandishi wa makala alimtaja mhusika na shida yake katika sentensi ya kwanza. Mimi nilikuwa bado naeleza mawingu. Penye "mzee alikataa kukaa", mimi niliandika "mzee huyo alionyesha kutokuwa tayari kuketi kwenye kiti alichopewa". Kuanzia hapo nikaanza kuyaona mazoea yangu kila mahali: nafanya ukaguzi badala ya kukagua, natoa maelezo badala ya kueleza, na lile "suala zima la" ambalo ukiliondoa hakuna anayelikosa.

Franklin pia alivuruga vidokezo vyake, akaviacha kwa majuma kadhaa, kisha akavipanga upya. Mimi huviandika kwenye vikaratasi na kuvichanganya kama karata. Zoezi hili ndilo lililonifunza mpangilio, kwa sababu unalazimika kujiuliza kwa nini hiki kitangulie kile.

Kuna na zoezi la mashairi: Franklin aligeuza hadithi kuwa shairi, kisha akairudisha kwenye nathari, maana vina na mizani vilimlazimisha kusaka maneno mengine yenye maana ileile. Kwa tarbia yetu, yenye mishororo minne kila ubeti na mizani 8 kwa 8 kila mshororo, utateseka, nakwambia. Neno la kwanza linalokujia karibu kila mara lina silabi moja zaidi au halina kina unachokitaka. Mashairi yangu hayafai kusomwa na mtu, lakini hazina ya maneno imeongezeka.

Siku hizi kazi zangu mwenyewe nazifumua vilevile. Nikimaliza rasimu nailaza, hata kama ni usiku mmoja tu, halafu pembeni mwa kila aya naandika kwa maneno machache inafanya nini. Nikishindwa kuandika kidokezo, aya hiyo haina kazi. Aya mbili zikitoa kidokezo kimoja, moja inaondoka, na mara nyingi inayoondoka ni ile ya kwanza kabisa.