Nyumba ya Rembrandt na Orodha ya Wadai

Huu ni mwaka wangu wa saba Uholanzi, na mara nyingi nimepita mtaa wa Jodenbreestraat mjini Amsterdam bila kuingia katika nyumba namba 4, ambayo sasa ni jumba la makumbusho. Dada yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, yeye ndiye aliyeomba twende, nami ninamshukuru.

Mchoraji Rembrandt aliinunua nyumba hiyo mwaka 1639 kwa gilda 13,000 (fedha ya Uholanzi ya zama hizo), akiwa na umri wa miaka 32 na jina lake likivuma mjini. Hakuweza kulipa zote kwa mkupuo, na deni lililobaki lilimwandama hadi mwaka 1656, alipofilisika. Ndipo waandishi wa mji walipopita chumba baada ya chumba wakiorodhesha kila walichokikuta: viti, vitanda, picha, silaha, sanamu za vichwa vya watu wa kale, hata makombe ya baharini. Mali ikapigwa mnada, nyumba nayo ikauzwa mwaka 1658, naye akahamia nyumba ya kupanga mtaa wa Rozengracht. Alipofariki mwaka 1669 alizikwa katika kanisa la Westerkerk, katika kaburi la kukodi lisilo na alama.

Orodha hiyo iliyoandikwa kwa ajili ya wadai ndiyo iliyowawezesha wahifadhi wa leo kuvipanga vyumba kama vilivyokuwa. Vitu tunavyoviona si vyake mwenyewe, bali ni vya zama zake, vilivyotafutwa vilingane na maandishi yale. Nilipolifahamu hilo, nilianza kutazama kila kiti kwa namna nyingine, kwa maana kuna siku karani alisimama hapo na kukiandika kiti cha mtu aliyekuwa akipoteza kila kitu.

Katika chumba chenye kitanda cha kabatini tulikaa kimya kwa muda mrefu. Rembrandt na mkewe Saskia walizaa watoto wanne, watatu wakafa wangali wachanga, na Saskia naye akafariki mwaka 1642, akimwacha Titus ambaye hajatimiza hata mwaka mmoja. Mwaka huohuo ndipo mumewe alipoikamilisha picha kubwa ya walinzi wa mji, ile inayojulikana sana kuliko zote. Dada, ambaye naye amewahi kuzika mtoto, aliniambia, “Mdogo wangu, huyu alishikaje brashi?” Sikuwa na la kumjibu.

Kwetu sisi Waafrika tunaoishi hapa, mtaa huu una jambo jingine. Katika karne ya 17 palikuwa na jamii ndogo ya watu weusi huru jirani kabisa na nyumba hii, wengine wakiwa mabaharia, na mwaka 2020 jumba hili lilifanya maonyesho juu yao. Picha ya Rembrandt ya wanaume wawili Waafrika, yenye tarehe ya 1661, iko katika jumba la Mauritshuis huko The Hague. Nimekwisha kuiona, na nyuso zile ni za watu halisi waliotazamwa kwa makini, wala si pambo la pembeni.

Mwishowe mfanyakazi mmoja alituonyesha jinsi michoro ya bamba la shaba inavyochapwa: alipaka wino, akafuta, akalaza karatasi yenye unyevu, akazungusha gurudumu la mashine. Karibu nasi palikuwa na mchoro wa kombe la baharini wa mwaka 1650. Dada, aliyekulia pwani akiokota makombe, aliutazama na kusema kwamba mzunguko wake umekwenda kinyume. Alikuwa sahihi. Rembrandt alilichora kombe kwenye shaba kama alivyoliona, na karatasi ikaligeuza. Lakini jina lake alilichonga kinyume, ili kwenye karatasi lisomeke sawasawa.